Kifaa Kinapomkosesha Mtumiaji: Somo la Kuchunguza Vitu vya Kila Siku

Mtoto akisukuma mlango upasao kuvutwa, watu wazima humwambia kwamba haangalii. Akisukuma mara ya pili, huambiwa kwamba hasikii. Ni nadra sana mtu kusimama akautazama mlango wenyewe, akaona kwamba umewekewa mpini wa namna moja pande zote mbili, wala hapana alama yoyote imwelezayo ajaye kama avute au asukume. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi aandae somo la vipindi viwili, vya dakika 40 kila kimoja, kwa Darasa la Tano au la Sita, ambamo mlango huo, pamoja na chupa, kikokotoo, simu na kibuyu chirizi, vitachunguzwa na kuulizwa maswali. Somo laweza kuingizwa katika Sayansi au katika kazi za mikono. Halihitaji umeme wala chumba cha maabara.

Fani ya kusanifu vitu kwa kumfikiria atakayevitumia ina wataalamu wake. Mmojawapo ni Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyetoa mwaka 1988 kitabu juu ya saikolojia ya vitu vya kila siku. Milango ikoseshayo watu imeitwa kwa jina lake, ingawa hakuitengeneza yeye. Alilofanya ni kuilalamikia kuliko watu wengine. Mwaka 1993 alijiunga na kampuni ya Apple, na huko akachukua cheo kilichotaja waziwazi yale yampatayo mtumiaji anapokuwa na kifaa mkononi. Tangu hapo jina hilo limeenea, na leo watengenezaji wa simu na programu wana idara nzima za kazi hiyo. Lakini wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina, na mwalimu hana budi kulijua lilikotoka kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Nyenzo mbili za rubani

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za aina ya B-17 walipatwa na balaa la ajabu. Walitua salama, kisha ndege ikiwa bado yakimbia ardhini, wakayakunja magurudumu, nayo ikalalia tumbo. Jambo hili liliandikwa kuwa kosa la rubani. Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alipolichunguza, alianza na chumba walimokaa marubani. Akakuta kwamba wenzo wa magurudumu na wenzo wa yale mabawa madogo ya kupunguzia mwendo imewekwa ubavu kwa ubavu, na kwa umbo haikutofautiana. Mtu aliyechoka, macho yake yakiwa nje, alipeleka mkono pale alipouzoea, akashika mwenziwe. Dawa aliyoitoa Chapanis ilikuwa ndogo mno: kwenye kichwa cha wenzo wa magurudumu alifunga kigurudumu cha mpira, na kwenye ule mwingine kipande chenye umbo la kabari. Mkono ukaweza kutambua bila jicho. Hata leo vichwa vya nyenzo za magurudumu katika ndege za abiria huwa na umbo la gurudumu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, vali moja ilikwama ikiwa wazi, na maji ya kupozea tanuri yakawa yanatoka. Taa ya vali hiyo ilikuwa imezimika mbele ya waendeshaji, nao wakaamini kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile iliarifu tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Haikuarifu kama vali imetii. Zilipita saa mbili na zaidi kabla njia ya maji hayo haijazibwa, na sehemu ya kiini cha tanuri ikayeyuka. Norman alikuwa miongoni mwa walioitwa kuchunguza kwa nini waendeshaji walikosea, na maoni yao yalikuwa kwamba chumba kile kilipangwa kana kwamba kimekusudia kuwakosesha. (Mwalimu aulizaye “Mmeelewa?” na darasa zima likaitika “Ndiyo mwalimu!” anatazama taa ya aina hiyohiyo.)

Kujikwaa na kupotea

Katika maelezo yake kwa wanafunzi, mwalimu na atenganishe makosa ya namna mbili. Mtu ajikwaaye anaijua njia, ila mguu umegonga kisiki. Mtu apoteaye ameshika njia isiyo yake huku akiamini kwamba ni yake. Rubani aliyekunja magurudumu alijikwaa. Mwendeshaji aliyeamini taa alipotea. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu ajikwaaye hasaidiwi kwa kufundishwa upya, ang’olewe kisiki. Apoteaye ndiye ahitajiye kuonyeshwa jinsi mambo yalivyo.

Ndugu mwanachuo, jambo hili litakugusa siku utakaposahihisha madaftari. Chukua zoezi la hesabu lenye maswali tisa, yote yakisema “panga namba zifuatazo kuanzia ndogo hadi kubwa”, na la kumi likisema “kuanzia kubwa hadi ndogo”, kwa maandishi yaleyale na mahali palepale. Nusu ya darasa watalikosa la kumi. Je, hawajui ipi kubwa na ipi ndogo? Wamekwisha kuthibitisha mara tisa kwamba wanajua. Zoezi limewazoesha mkono, kisha likawawekea kisiki. Kama nia ya mwalimu ni kupima usomaji wa maagizo, basi na apime hivyo kwa makusudi, wala asiandike kwenye ripoti kwamba mtoto ni dhaifu katika hesabu. Maoni yangu ni kwamba alama nyingi zinazopotea katika mitihani yetu ya majaribio hupotea kwa maagizo yaliyofichwa katikati ya aya, kwa nafasi ndogo ya kuandikia, na kwa picha iliyochapwa ukurasa wa nyuma wa swali.

Chupa ya soda

Yafaa somo lianze na kitu kimoja tu, na sioni kitu bora kuliko chupa ya soda. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo na kutiwa katika chupa yoyote iliyo tupu, mara nyingi ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa anaijua vema: imemfundisha tangu akiwa mgongoni kwamba kilichomo hunywewa. Akiikuta sakafuni karibu na koroboi, ataipeleka kinywani. Hapo mtoto hakukaidi. Alitii kile ambacho umbo lilimwambia.

Mwalimu aweke mezani chupa mbili safi, ile ya soda na nyingine ya dawa yenye kifuniko kigumu, zote zikiwa na maji. Kamwe asilete darasani mafuta ya taa, dawa wala sumu ya wadudu, hata kwa kuonyesha. Aulize: “Mdogo wako wa miaka miwili akiziona, ataanza na ipi? Atafanya nini?” Watoto watajibu upesi, na baadhi watasimulia waliyoyaona nyumbani. Wasikilizwe, maana humo ndimo mlimo uzito wa somo. Mwalimu asikose kuwaambia kwamba aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa katika kutapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kisha wajaribu kifuniko cha chupa ya dawa, kile cha kushindilia chini huku ukizungusha. Mwaka 1967 daktari wa watoto, Henri Breault, wa mji wa Windsor huko Kanada, baada ya kuwatibu watoto wengi waliomeza dawa nyumbani, alishughulikia kutengenezwa kwa kifuniko cha namna hii. Siri yake ni kwamba kinataka vitendo viwili kwa wakati mmoja, na mtoto mdogo huweza kimoja kimoja. Marekani ilipitisha mwaka 1970 sheria ya kutaka vitu vya hatari vifungwe katika vyombo visivyofunguliwa na watoto kwa urahisi. Hata hivyo wanafunzi waulizwe: bibi mwenye ugonjwa wa viungo atakifunguaje? Hapo watagundua wenyewe kwamba kifaa kimfaacho mmoja humlemea mwingine, na kwamba msanifu huchagua amlinde nani. Mkasi huwasumbua watumiao mkono wa kushoto, na kaunta ya duka humzidi kimo mtoto aliyetumwa chumvi. Mifano ya namna hii wataitaja bila kikomo. Mwalimu aikate baada ya dakika tano.

Maswali ya ubaoni na kazi ya kutazama

Sasa yaandikwe ubaoni maswali manne, na yabaki hapo hadi mwisho wa vipindi vyote viwili. Kitu hiki chaniambia nifanye nini? Nikishafanya, chanijibu? Nikikosea, chaniruhusu kurudi? Nani amesahauliwa kilipotengenezwa?

Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto watano au sita, kila kikundi kikiwa na kifaa: kitasa na ufunguo, koroboi, tochi, mwavuli, jiko la mkaa, pampu ya baiskeli, chochote kipatikanacho. Mmoja awe mtumiaji. Aitwe kutoka kikundi kingine, ili asiwe amekwisha kukizoea kifaa hicho. Wengine ni watazamaji, na mmoja wao ashike kalamu.

Kanuni ya watazamaji ni ngumu kuliko inavyosikika: wasimsaidie, wasimcheke, wasiseme neno. Waandike mkono wake ulikwenda wapi kwanza, alisita wapi, alirudi wapi. Wanafunzi wa shule zetu wamelelewa kunyoosha kidole na kusahihisha, kwa hiyo kimya hiki kitawashinda mwanzoni. Mwalimu naye atashindwa. Mtumiaji akisita kwa sekunde kumi, ulimi wa mwalimu huwasha. Lakini sekunde hizo ndizo data. Aambiwe mtumiaji tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba anayepewa mtihani ni kifaa, wala si yeye. Mwalimu asipolisema hili, mtoto mwenye haya hataligusa jiko hata kidogo.

Simu, kikokotoo na saa

Kipindi cha pili kishughulikie vifaa vyenye kujibizana na mtu. Wanafunzi watazame vitufe vya kikokotoo, au kalkuleta kama wengi waiitavyo, kando ya vile vya simu. Katika simu 1, 2, 3 ziko juu. Katika kikokotoo 7, 8, 9 ndizo zilizo juu. Mwenye simu moja tu na afungue sehemu ya kupigia, kisha afungue sehemu ya kuhesabia ya simu hiyohiyo, ataona tarakimu zimepinduka. Vikokotoo vilirithi mpangilio wa mashine za zamani za kujumlisha. Simu ilipata wake kwa njia nyingine: huko Marekani wataalamu wa maabara ya Bell walijaribu mipangilio mbalimbali kwa watu, wakipima upesi, makosa na upendeleo, na matokeo yao yakachapwa mwaka 1960. Simu ya vitufe ikaanza kutolewa kwa wateja tarehe 18 Novemba 1963. Hadi leo mipangilio hiyo miwili haijapatanishwa, na karani ahamaye kutoka kimoja kwenda kingine hujikwaa kila siku.

Lakini kwa msemaji wa Kiswahili kuna kisiki kikubwa zaidi, nacho ni saa. Sisi twahesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo. Mshale mfupi ukielekea kwenye 5 alfajiri, twasema saa kumi na moja, yaani twaitaja tarakimu iliyo mkabala. Simu haikufundishwa hivyo. Mwanafunzi atakaye kuamka saa kumi na moja ajisomee, akaandika 11:00 mahali pa kengele, simu itamwamsha saa tano asubuhi, naye yumo darasani. Ratiba ya mtihani iliyobandikwa mlangoni ikiandika “saa 2:00 asubuhi”, mzazi huilinganisha na simu yake iandikayo 08:00. Hakuna aliye mjinga katika habari hii. Kuna lugha mbili za saa, na aliyeunda kifaa aliijua moja. Wanafunzi wapewe kazi ya kuandika tangazo la mkutano wa wazazi ambalo halitamkosesha mtu yeyote, ama asomaye saa ya ukutani ama asomaye simu. Ni zoezi la Kiswahili, la hesabu na la usanifu kwa pamoja, na si jepesi.

Habari za huduma za fedha kwa simu zitaamsha hamu yao, kwani nyumbani wanaziona. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 2005, ilikuwa katika majaribio kwa wateja mia chache wa asasi ya mikopo midogo, nia ikiwa warejeshe mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakisimamia majaribio waliona kwamba watu waliigeuza kwa mahitaji yao, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Basi huduma ikapangwa upya, na kutuma fedha kukawa ndilo jambo la kwanza. Yaonyeshwe kwamba mpango huu wa fedha, uliobadili maisha ya mamilioni, ulipata umbo lake kwa kuwatazama wachache wakiutumia visivyo.

Shule isiyo na simu ya kufundishia isivunjike moyo. Simu ya karatasi yatosha, na kwa kweli ni bora. Kikundi kibuni huduma, tuseme ya kuazima kitabu katika maktaba ya darasa. Kila ukurasa wa simu uwe kadi moja ya manila, yenye machaguo yenye namba: 1 azima, 2 rudisha, 3 angalia siku zilizobaki. Mtoto mmoja awe simu, ashike kadi zote. Mwingine awe mtumiaji, ataje namba tu. Simu impe kadi ifuatayo. Simu haisemi, haitikisi kichwa, haikonyezi. Mara kadi za kwanza zitakapotumika, vikundi vingi vitagundua kwamba vimesahau kadi ya kurudi nyuma, na mtumiaji aliyebonyeza 2 kwa bahati mbaya amenaswa. Pia watasahau kadi ya kuhakikisha. Waulizwe kwa nini huduma nyingi za fedha huonyesha jina la mpokeaji kabla mtu hajaweka namba ya siri. Wenye wazazi waliowahi kutuma fedha kwa mtu wasiyemjua wataeleza vizuri kuliko mwalimu.

Kazi ya baada ya vipindi: kibuyu chirizi

Somo hili litakuwa maneno matupu iwapo halitafika chooni. Shule nyingi zina vibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyagia, ili atokaye chooni asiguse dumu kwa mkono mchafu. Vingi hujengwa kwa kimo cha mwalimu aliyevijenga. Mtoto wa Darasa la Kwanza akikanyaga kijiti huwa mbali na maji, akisogea kwenye maji huacha kijiti. Mwisho hulivuta dumu kwa mikono, na faida yote ya chombo ikapotea. Kisha husimamishwa mstarini kwa kutokujua usafi.

Vikundi vitengeneze kibuyu chirizi kwa ajili ya Darasa la Kwanza. Wapime kwanza: kimo cha kiwiko cha watoto kadhaa, urefu wa hatua, na umbali toka mguu ukanyagapo hadi mkono ukingapo. Wakijenge, wakiwekee changarawe chini ili pasiwe na tope, na sabuni iliyofungwa kwa kamba upande wa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Kisha waitwe watoto watano wadogo, mmoja baada ya mwingine, bila kuelezwa neno ila “nawa mikono”. Mwandishi wa kikundi aandike kila mmoja aligusa nini kwanza, mguu au mkono. Watatu kati ya watano wakishika dumu, kijiti hakionekani. Na kipakwe chokaa, au ichorwe alama ya unyayo juu ya ubao mdogo hapo chini. Maji yakimwagika yote kwa mkanyago mmoja, kamba irefushwe kidogo au tundu lipunguzwe.

Halafu wajaribu tena. Wale watano wa mwanzo wasirudiwe, maana wamekwisha kujifunza. Waitwe wengine watano, na karatasi ya mara ya kwanza ibandikwe ukutani ubavuni mwa ile ya pili.